Mwenye Kisu Kikali

Tacuarembó ng'ombe ni wengi kuliko watu,
na Jumapili moshi wa mafuta huingia hata kanisani
ukakaa viti vya mbele.
Huko Wilmar Etcheverry ana bucha la vigae vyeupe,
misumeno miwili, na kisu kilicholika kwa kunolewa
hadi kikabaki chembamba kama jani la kitunguu.

Miaka thelathini na minane amekata.
Anaijua misuli kwa majina, kama mwalimu na daftari la mahudhurio.
Mchana alikula mbavu, usiku akala zilizobaki za mchana,
na katikati akanywa mate
(ndivyo wanavyokiita kinywaji chao, msomaji; nawe meza yako kwanza),
majani machungu ya kufyonzwa kwa mrija wa chuma,
ambayo wanaume wa kule hujisifu kuyanywa makavu.
Yeye, akigeukia ukuta, aliyatia sukari vijiko vitatu.

Usiku mmoja wa Julai, huko ndio kipupwe,
alivua buti akakuta soksi imelowa.
Kipande cha mfupa, upana wa ukucha,
kilikuwa kimekaa chini ya kidole tangu asubuhi
na mguu haukusema neno.
Akainama. Pua yake ikamwambia
lile ambalo ikimwambia dukani
pande zima hutupwa.

"Nyama kiasi gani kwa siku?" akauliza Daktari Machín,
binti mdogo, kalamu tayari.
"Siku ipi?" akajibu Wilmar.
Hakucheka mtu.
Kidole kidogo kikabaki hospitalini.

Ulimi hauna mfupa, lakini una desturi.
Wiki ya kwanza dengu zilimkalia kinywani kama kokoto,
akazihesabu, akamlaani aliyezipanda.
Nilda, mkewe, hakubishana.
Aliziloweka kila usiku,
na Wilmar kitandani aliisikia ile mvua fupi
ikidondoka ndani ya sufuria ya bati.
Wiki ya tano aliomba chumvi kidogo.
Ya nane akaomba sahani ya pili, akasingizia ndimu.

Halafu ikaja Jumapili, wavu uko juu ya makaa,
ndugu wameketi, mikate mikononi,
naye anapanga bilinganya, hoho nyekundu,
boga lililokatwa vipande vinene kama mapaja.
"Nani kafa?" akauliza binamu Elbio,
wakacheka hadi mbwa wakabweka.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema watu.
Haya, kisu kilikuwa mkononi mwake
kikimenya boga.

Elbio ndiye aliyenyamaza wa kwanza.
Ana kiu isiyokatika tangu mwaka juzi, hajamwambia mtu.
Alichukua bilinganya moja, akaiondoa majivu kwa kucha,
akala akitazama kando
kama anayesoma barua ya mwingine.

Sukari haikuondoka, msinielewe vibaya.
Imeshuka, imekaa chini, inasubiri.
Vidonge bado anameza, kimoja asubuhi, kimoja jioni,
wali na mkate bado anavipima kwa ngumi,
maana si kila kisicho na damu ni rafiki.
Na bucha liko wazi. Anakata, anapima, anafunga karatasi,
kisha anamnong'oneza mteja apitie maharage duka la pili.
Mwanawe anashika kichwa.

Usiku, kioo cha Nilda cha kutengenezea nyusi
anakilaza sakafuni, anakagua nyayo
kama alivyofundishwa: kisigino, unyayo, vidole tisa.
Mguu wa kulia unaisikia baridi ya vigae.
Wa kushoto bado umenyamaza.
Basi anausemea yeye.
Baridi, anasema kwa sauti, baridi,
na anauvisha soksi.