Robo ya Moto

Nilifunga pasi yangu ndani ya vitenge viwili.
Kibibi alinikataza kwa simu: Mama, pasi zipo huku.
Zipo, ndiyo. Lakini si hii
iliyonyoosha sare zake tangu darasa la kwanza,
yenye kovu la kahawia tumboni, siku alipoiacha juu ya godoro
akakimbilia kuangalia harusi inapita.

Duluth. Ziwa limeganda mpaka jicho linapochoka,
na ukutani, karibu na kitanda cha mtoto,
soketi ina uso:
vijicho viwili vyembamba, kinywa wazi,
kama mtu aliyetajiwa bei.
Plagi yangu ina meno matatu mapana.
Tulitazamana. Hatukuelewana.

Mkwe wangu Shekue akatoka na theluji ile ile,
akarudi na adapta nyeupe, ndogo kama kipande cha muhogo.
"Mama, hii inabadilisha meno tu.
Umeme ni ule ule wa huku. Kwetu volti mia mbili na arobaini,
hapa mia na ishirini. Nusu ya msukumo,
robo ya moto."
Anajua. Mwaka jana alikuja Korogwe na mashine yake ya kunyolea,
akaichomeka sebuleni kwangu bila kuuliza;
ililia kama mbuzi, ikatoa moshi,
akahudhuria maulidi na kichwa nusu.

Basi cha huku kikija kwetu huungua,
cha kwetu kikija huku hupoa.

Nikachomeka. Taa yake nyekundu ikawaka kwa aibu.
Nikangoja. Nikalamba kidole, nikagusa:
kimya. Haikusema tsss.
Nikangoja tena.
Nepi ya kwanza ilinichukua muda wa kupika wali.

"Mama, unaua nini? Huku hakuna inzi wa kutaga kwenye nguo.
Nje ni digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
hata shetani amehama."
Najua, mwanangu.
Mkono ndio haujajua.

Saa tisa usiku mtoto analia.
Kibibi anakuja gizani, hanisemeshi,
anachukua nepi ya juu kwenye rundo,
ile iliyo vuguvugu bado,
anaiweka shavuni kwake kwanza,
kidogo,
halafu anamfunga mwanawe.