Sitroeni ya Baba

Asubuhi huikuta imelala kifudifudi uani,
tumbo li karibu na theluji,
na doa moja la mafuta ya kijani.
Ukiiwasha, usiondoke. Ngoja
iinue makalio kwanza, kisha pua,
kama ngamia aliyeombwa kwa adabu.

Aliinunua wiki niliyozaliwa.
"Mke wangu ana mishono," alimwambia muuzaji,
"nipe gari lisilojua mashimo."

Leo mishono ni yake.
Nimemtoa hospitali ya Aurillac, kifua kimefungwa,
mto wa kitanda kaukumbatia.
Pale darajani, kwenye yale mawe ya kale,
niliuma meno kwa niaba yake.

Tulikuwa tumeshaufikia mlima
alipofumbua jicho moja:
"Odile, mbona hatuondoki?"