Namba Arobaini na Moja

Kadi niliiandika mimi, kwa wino mweusi:
Wasomi wa Kiyahudi. Rangi ya mafuta juu ya turubai.
Mchoraji hajulikani. Fremu ina ufa.
Dalali Gathungu akasoma, akakuna kidevu:
"Ongeza *ya kale sana*. Ukale hauna risiti."

Ilitoka Njoro, nyumba ya marehemu Perlov,
muuza pareto aliyezikwa bila mtoto,
pamoja na kabati mbili, pasi ya makaa,
na saa ya ukutani iliyogoma saa nne na robo.
Tukavipanga ukumbini, nyuma ya soko la Nakuru,
na upepo wa ziwa ukaleta magadi yake
ukapaka kila kitu, bila ubaguzi.

Wazee watatu, kitabu kimoja.
Wa kwanza kidole chake kimekanyaga mstari
kama mtu azuiaye karatasi isipeperuke.
Wa pili kainua kiganja: ngoja kwanza.
Wa tatu yuko gizani, ndevu tu na jicho,
vanishi imemla mpaka mabegani.

Saa tano wakaja wanunuzi.
Mwenye hoteli ya Milimani akapima fremu kwa shubiri:
kioo cha msalani kingeenea.
Mchungaji Wafubwa, aliyesoma Kiebrania chuoni miaka miwili,
akatoa lenzi mfukoni, akainama, akanyamaza,
akainama tena.
"Hizi si herufi," akasema.
"Ni mikwaruzo ya brashi. Mchoraji hakujua alifu wala bee."

Basi bei ikashuka kabla haijapanda.
Nami nikawaza: miaka yote hiyo
kidole juu ya neno lisilokuwepo,
na kiganja hewani kulipinga!

Nyuma kabisa alisimama Bi. Bosibori,
miaka ishirini na sita mfagiaji wa nyumba ile.
"Kwani mimi nilikuwa napangusa herufi?"
Hakugomba; aliuliza kama aulizaye bei ya sukuma.
"Huyu ni Mbishi. Huyu ni Ngoja-Kwanza.
Yule wa gizani hasomi. Anasubiri wachoke
awaambie chai imepoa.
Bwana mwenyewe, Ijumaa jioni, alikaa chini yao
akisema peke yake, kisha akinyamaza
muda wa kutosha mtu kujibiwa."

Elfu nane. Mara ya kwanza, mara ya pili,
nyundo ikagonga.
Mwenye hoteli akalipa taslimu, akaomba koleo,
akang'oa misumari palepale,
akaondoka na fremu begani, tupu,
na mji ukapita ndani yake:
mkokoteni, muuza miwa, kipande cha Menengai.

Turubai lilibaki mezani likijikunja lenyewe.
"Andika imeuzwa," Gathungu akaniambia.
Nikaandika. Daftari langu halina safu ya kilichobaki.

Bi. Bosibori hakumwomba mtu.
Aliliviringisha juu ya bomba la gazeti la jana,
rangi kwa nje, isipasuke
(alinifunza yeye; karani mzima sikujua),
akalitia kwapani kama mkeka
akashika njia ya Kaptembwo.

Rangi kwa nje. Kwa hiyo mpaka alipokata kona
nilimwona yule wa pili, kiganja juu,
akiniambia mimi,
au lori la mbao lililokuwa likipiga honi nyuma yake:
ngoja kwanza.