Mkaguzi wa Zipu

Kiwanda kilipofungwa tuligawana vilivyobaki.
Ausma alichukua saa ya ukutani,
Zigmunds viti viwili na zulia lenye doa la wino,
mimi nikaubeba mti wa ofisini,
draseina, shina nene kama mpini wa jembe,
nikaupandisha ghorofa ya nne mgongoni
kama mtoto aliyesinzia njiani.

Imepita miaka thelathini.
Umenyweshwa chai iliyopoa, umefutwa vumbi kila Jumamosi,
ukagusa dari, ukainama,
ukaendelea kukua huku umeinama.
Inta, binti yangu, nilimpima kimo kwa mti huu
mpaka mti ukamshinda.

Februari hii, Daugavpils imeganda hadi kwenye tundu za funguo,
nikaona unga juu ya udongo.
Laini, wa kahawia, kama ugoro.
Nikaufagia. Asubuhi upo tena.
Majani ya juu yanameta, yana adabu zao,
hayana habari za chini.

Zipu nimezikagua miaka ishirini na miwili.
Zipu mbovu huijui kwa jicho. Unaifunga, unasikiliza:
jino moja likilegea, mlio unameza mate.
Basi nikavaa subana kidoleni
nikaugonga mti toka shingoni kushuka.
Ko. Ko. Ko.
Ko.
Halafu, usawa wa goti langu:
po.

Zigmunds akaja na chupa isiyo na lebo.
"Mwagia hii. Hata panya watahama."
Inta akapiga simu toka Ireland:
"Mama, madukani imejaa, tena si ghali."
Ausma akasema ni kijicho cha mtu,
na mtu mwenyewe akamtaja.
Nikawashukuru wote watatu.
Nikanoa kisu cha mkate.

Maana aliyemo shinani hapatikani kwa kunyunyizia majani.
Amejifungia chumbani, hana haja ya kutoka:
chakula ndicho ukuta,
ukuta ndio chakula.

Nikakata usawa wa goti. Kahawia, chepechepe,
harufu ya viazi vilivyosahauliwa.
Nikapanda kiganja kimoja, nikakata. Kahawia.
Kiganja kingine. Kahawia, na tundu katikati
la kupitisha kalamu.
Hapo nilipogonga nikasikia ko, na bado palikuwa handaki.
Sikio nalo huzeeka.
Pingili kwa pingili nikapanda mpaka usawa wa bega,
ndipo kisu kikatoka kimelowa utomvu
na ndani mweupe, mweupe kama kiini cha kabichi.
Nikaketi sakafuni.

Nilimpata katika pingili ya tano.
Buu urefu wa ukucha, rangi ya maziwa ya jana,
kichwa cha hudhurungi, anajinyonganyonga
akitafuta giza lake.
Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jitu.
Miaka thelathini ya mti,
na mlaji wake anaenea ndani ya subana.

Nikamtoa roshani humohumo kwenye subana.
Baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Sikumchukia. Nilisimama naye kidogo, bila koti.
Haikuchukua muda.

Wenzake wanne niliwatoa kwa sindano ya kufumia.
Vipande vyote vibovu nikavifunga mfukoni, nikavishusha jalalani usiku uleule.
Vidonda nikavidondoshea nta ya mshumaa wa Krismasi.

Vilisalia vipande vitatu, nikavisimamisha dirishani
katika chupa za jamu ya zabibu.
Kimoja kilioza kabla Machi haijaisha.
Kimoja hakifi wala hakioti,
kimesimama tu, kama mtu wa foleni.
Cha tatu kina uvimbe ubavuni,
mdogo, mweupe, kama ufizi wa mtoto kabla ya jino.
Sijamwambia mtu.

Lakini mazoea ni mazoea. Kila jioni nagonga:
kipande, kabati, mlango, mguu wa meza.
Jana nikagonga goti langu mwenyewe.

Nikavua subana.