Safu ya Nne

Wiki ya tatu ya Septemba grafu ilianguka
kama ndoo iliyokatika kamba.
Vishikwambi thelathini na kimoja, shule moja ya Kakheti,
vyote kimya. Nikaandika: hitilafu ya mtandao.
Profesa akapigia mstari: una hakika?

Nikapanda basi kutoka Tbilisi, begani waya na betri.

Shuleni palikuwa na mwalimu mmoja na paka.
"Wako mizabibuni," akasema Nargiza, akiendelea kusahihisha.
"Wangekuwa wapi?"

Nikamkuta Pikria, namba kumi na saba kwenye jedwali langu,
vidole vyeusi kwa utomvu, mkasi kiunoni,
kishikwambi chake kimekandamiza turubai
upepo usilibebe.
Akanihesabia vikapu kwa asilimia,
akatoa zilizooza, akagawa kwa ndugu wanne,
akanikosoa nilipojumlisha vibaya.
Hesabu ya darasa la saba. Yeye yuko la tano.

Usiku, kwenye kochi la bibi yake, nilifungua jedwali.
Safu ya nne: sababu ya kutohudhuria.
Chagua: ugonjwa. Mengineyo.
Niliziunda mwenyewe, mwezi wa Machi, ofisini, nikinywa chai.

Profesa anasubiri neno moja.
Kila herufi ninayobonyeza
inanata.