Bei Moja kwa Wote

Gari lenyewe lilikuwa na haya.
Micra, rangi ya maziwa yaliyolala,
ukiiwasha injini hukohoa kwanza
kama mtu aombaye radhi kabla ya kusema.
Baba alilipeleka kanisani Jumapili, dukani Alhamisi,
kilomita hamsini kwa saa, kiangazi na theluji,
malori ya mbao yakijipanga nyuma yake
hadi njia panda ya Kauhajoki.
Mwenda pole hajikwai, ni kweli,
ila walio nyuma yake hutafuna usukani.

Tulipomzika, kaka yangu Rauno akasema: chuma chakavu.
Nikasema: nitalikimbiza.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Mbio za sakafuni," akasema, hakumalizia.

Tulianza kwa kulivua nguo.
Viti, zulia, redio, bitana ya dari.
"Uzito ndio adui," alisema Jere, mpwa wangu,
ambaye kazi yake ni kuchomelea mabomba ya mazizi ya ng'ombe.
Kila tulichong'oa tulikiweka
juu ya mizani ya bafuni ya marehemu mama:
kiti cha nyuma, kilo kumi na moja;
tairi la akiba, kumi na tatu na ushee.
Hita tuliiacha.
Huku ni Finland. Wazimu nao una mpaka.

Chini ya kiti cha dereva:
peremende saba zilizogandamana,
glavu moja, ya kushoto,
risiti ya mbegu za viazi,
na sarafu ya marka, pesa iliyokufa kabla yake.
Nikavipima vyote kwa pamoja.
Sifuri.
Nikaondoa, nikarudisha.
Sifuri.

Februari nzima Jere alishona kizimba cha mabomba
ndani ya lile tumbo tupu,
cheche zikiruka, pumzi zetu zikiganda,
mimi nimeshika tochi na chupa ya kahawa.
Vioo vya ubavuni tukavitoa, tukatia wavu.
Namba tukaiandika kwa rangi nyekundu ya ghala,
iliyobaki tangu mwaka ule baba alipoanguka ngazini.
Nane ilichuruzika. Tukaiacha ilie.

Mei. Shimo la changarawe nyuma ya kiwanda cha mbao.
Mimi, mpishi wa shule, miaka hamsini na mbili,
kofia ya kuazima inanuka jasho la mtu mwingine.
Kona ya kwanza nilifumba macho.
Kona ya pili gari likanifumbua.
Kona ya tatu tulikwenda kimbavumbavu, tope hadi kwenye meno,
nikasikia mtu anapiga yowe,
nikashangaa sauti yake inafanana na yangu.
Wa nne, kati ya sita.
Watoto niliowapikia uji jana yake
waliruka ukingoni kama nimeuteka mji.

Sasa, kanuni ya mchezo huu ni fupi:
bei moja kwa wote.
Mbio zikiisha, yeyote aweza kulitaka gari lako kwa bei hiyo,
hata ungelipaka dhahabu.
Ukikataa, leseni yako kwaheri.
Ndiyo maana hakuna atiaye dhahabu.
Niliijua kanuni hiyo
kama nilivyojua kifo: ni habari ya jirani.

Akaja binti wa miaka kumi na sita, Vilja, kutoka Teuva,
na bahasha ya noti zilizokunjwa na kukunjuliwa,
pesa ya misimu miwili ya kuchuma matunda msituni.
Nikamuuliza, magari yote haya, kwa nini hili?
Nilitaka aseme kona. Nilitaka aseme moyo.
"Lina hita," akasema.

Sikumwambia kuhusu peremende.
Nilizibandika kwa gundi nyuma ya dashibodi, zote saba,
kinyume cha kanuni ya vitu vya ndani.

Babake akalifunga kwenye trela, akajaribu kamba mara tatu.
Wakaingia barabarani,
kilomita hamsini kwa saa,
na malori ya mbao yakaanza kujipanga.