Inchi Sita

Ilikuwa Januari, mwezi ambao huku Aisilandi
jua huja kutusalimu na kuondoka bila kukaa.
Kakangu Ormur alijifungia ghalani na pikapu,
akang'oa springi za kiwandani, akatia ndefu,
akabadili shokapu, akakata bodi kwa msumeno
ili tairi zipate pa kuzungukia. Tairi zenyewe
zilinifika kiunoni. Inchi sita, akasema,
akipangusa grisi kwenye suruali niliyomfulia.
Inchi sita tu, Hallbera.

Tu. Neno fupi, lakini lina uzito wake.

Siku ya kwanza mbwa aliruka, akagonga kifua langoni,
akaanguka, akatutazama kana kwamba tumemdanganya.
Mama alishika mlango, akauachia.
"Mimi na gari hili," akasema, "tumepishana kimo."
Ormur akamletea kreti ya samaki, akaipindua,
mama akapanda kama anayekwenda kuhutubia.

Lakini nisimnyime haki yake.
Septemba, siku ya kuwashusha kondoo mlimani,
mto Kaldá ulijaa maji ya barafu, kijivu kama zege bichi,
na magari ya majirani yakasimama ukingoni
yakiunguruma kwa adabu.
Ormur alipunguza upepo, tairi zikatandaza viganja,
akaingia kwa gia ya chini, pole,
akiteremka na mkondo bila kushindana nao.
Maji yaliyomeza boneti ya Bárður mwaka juzi
yalilamba vizingiti vya milango, yakaenda zake.
Mawe makubwa kama vichwa vya farasi
yalipita chini ya tumbo, difu isiguswe.
Alivuka na kurudi mara tano,
akivusha watu, mbwa, na chupa moja ya chai.
Jioni ile hata mimi nilimwita bingwa.

Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema.
Hawakusema chini ni wapi.
Chini yetu ilikuwa lami,
barabara inayopita kifuani mwa mlima
ambako upepo hauvumi, hurusha.
Tulifunga tela, kondoo ishirini na wanane.
Kulabu ilikuwa imepanda pamoja na gari,
kwa hiyo tela lilikwenda limeinua pua,
kondoo wakateleza wote nyuma,
na tela lenye makalio mazito halina adabu.

Kipimo kilisema sabini. Tairi kubwa husema uongo:
kila mzunguko ulikula njia kuliko ilivyohesabiwa.
Tulikuwa themanini.
Upepo ukatupiga ubavuni, bodi ikalala upande
kama mtu anayesinzia kanisani,
usukani ukachelewa kujibu,
nikaona kiooni tela linakwenda kushoto,
kulia,
kushoto, kila mara likizidisha.
Ormur hakukanyaga breki. Aliachia mafuta,
mikono imekaza, midomo myeupe.
Na breki, alipoziomba baadaye, zilikuja zikijivuta
kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo.
Tulisimama. Taa zetu zilimulika mawingu;
bahari tuliisikia tu, karibu, upande wangu.
Hakuna aliyesema neno. Kondoo walikohoa.

Ningependa kuwaambia kwamba aliishusha.
Hakuishusha. Alinunua kulabu yenye shingo ya kuteremka,
tela likalala sawa. Akainamisha taa.
Akabandika karatasi juu ya kipimo: ONGEZA KUMI.
Akajifunza kwenda taratibu, somo ambalo mama
alimfundisha bure kwa miaka thelathini.
Upepo ukizidi, kondoo wetu hubebwa na Bárður,
kwenye gari lake fupi lisilojua mto.
Mto ukijaa, Bárður hutupigia simu.

Kreti ya samaki bado iko nyuma ya pikapu.
Mama hataki itumiwe kwa kazi nyingine.
Mbwa naye ameshaizoea.